Mashine ya Tatu

Ssemwogerere ameziegemeza tatu ukutani
kama wanafunzi waliochelewa darasani.
Duka lake liko nyuma ya mafundi redio, Kampala,
ngazi mbili chini, na feni inayonung'unika.

"Hii," anasema, "ni laki tisa. Sahani yake inaoga,
lakini kichwa kikilowa, umekipoteza.
Utaishia maji ya magoti.
Hii ya pili ni ya baharini, imeundiwa chumvi,
inazama na mzamiaji hadi chini kabisa,
ila haichagui: msumari na mkufu kwake ni ndugu.
Ya tatu..." Anaangalia viatu vyangu.
"Ya tatu ina bei."

Chumvi ya nini, namuuliza.
Maji ya Entebbe utayanywa ukitaka,
kama huogopi kichocho.
Mimi naogopa mchanga, ule mweusi wenye chuma ndani yake,
na moramu inayoteremka na kila mvua
ikaifanya mashine dhaifu iseme uongo kutwa.
Niambie ipi inasawazishwa na udongo.
Niambie ipi ni nyepesi; bega langu lina miaka hamsini na minne.

"Mama, haya ulisomea wapi?"

Agoro. Lakini sikumjibu.
Miaka sita, fulana ya kinga nzito
kama mtoto anayejifunza kutembea,
kioo usoni, jasho likinifika kwenye meno,
njia ya mita moja kati ya kamba mbili nyekundu.
Kila mlio ulikuwa amri: simama. Piga goti.
Chokoa kwa ubavu, taratibu,
kama unayemtoa mtoto mwiba akiwa amelala.
Kopo la maharage. Risasi. Kopo.
Kifungo cha shati ya mtu.
Kopo.
Na Jumanne moja Okwera, mstari wa jirani,
alisikia kopo.

"Tazama," Ssemwogerere anabonyeza,
"hapa unaifundisha kudharau chuma.
Chuma kikipita, kimya. Dhahabu ikipita, inakuita."
Nilicheka, akadhani namcheka yeye.
Nikatoa pochi yangu: pete ya marehemu mama,
shilingi ya zamani yenye kutu ukingoni, kizibo cha soda.
Nikavipanga juu ya meza, nikapitisha mashine ya tatu.
Pete: sauti nyembamba. Shilingi: nzito kidogo.
Kizibo: kimya, kama mtu asiyetaka kutoa ushahidi.

Lete beseni, nikamwambia. Lenye maji.
"Mama, hii ni mpya!"
Ikiogopa beseni, ziwa italifanyaje?
Tukaizamisha nzima, kichwa na vyote,
fundi redio wa mlangoni akisogea kushuhudia,
mpaka Ssemwogerere mwenyewe akaacha kushika kifua.
Nikalipa nusu kwa akiba ya kikundi,
nusu nyingine kwa miezi minne na kwa jina langu, Lamaro,
ambalo aliliandika vibaya.

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, Entebbe.
Jana walikuja waogaji na vidole vilivyonenepa;
maji ya jioni huvikondesha, pete zikatoka zenyewe.
Mimi na korongo wawili wenye vipara
tunafanya kazi moja, ila wao hawadaiwi.
Maji kifuani, visikizi masikioni.
Mlio.
Nikapiga goti kwa mazoea. Ziwa likanifika puani.
Nilitoka nikikohoa, nimeshika kizibo.

Naam, kile kitufe sijakigusa.
Siwezi bado. Acha chuma kiseme,
nami nikiinamie, nikitazame, nikitie mfukoni.
Kufikia saa tatu: vizibo kumi na vinne,
ndoano, kijiko kilichopinda,
hereni moja isiyo na mwenzake,
na mimi, mzima, vidole vyote kumi
vimekunjamana kwa maji.